Sura ya Tano: Kila Droo na Mahali Pake

"Vidole vinne," daktari wa maiti alisema kwenye simu. "Vya mkono wa kulia. Havikuvunjwa kwa mpigo mmoja, Inspekta. Vilivunjwa kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine kulikuwa na muda."

"Muda gani?"

"Muda wa kuuliza swali na kusubiri jibu."

Inspekta alikuwa amesimama katikati ya karakana ya marehemu, simu begani, shavu limeibana, mikono ikiwa kazini ndani ya glavu. Mbele yake palikuwa na meza ya useremala, na kwenye ukingo wa meza jiliwa la chuma ambalo kwa miaka arobaini lilibana mbao, na juzi lilibana kitu kingine. Damu ilikuwa imekauka kwenye taya zake. Chini, maranda yaliyokuwa meupe yalikuwa yameshikana mabonge meusi.

"Kilichomuua?"

"Nyundo ya mbao, hiyo mliyoniletea. Mapigo saba kichwani. Matatu ya mwisho hayakuwa na kazi, mzee alikuwa ameshaondoka." Daktari akakohoa. "Halafu kuna jambo la mwisho. Mdomoni nimekuta nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ya mtu. Kipande cha ngozi, upana wa ukucha wa dole gumba, kina vinywele. Mzee alikuwa na meno yake yote, na aliyatumia."

"Ya mahali gani mwilini?"

"Si kiganja, wala si ncha za vidole. Huko hakuoti nywele. Zaidi ya hapo usinifanye mganga wa ramli."

Inspekta akakata simu. Vijana wa kituoni walimwita Bi Sindano, si kwa sababu ya ukali, ingawa ukali alikuwa nao, bali kwa sababu alipita mahali padogo na kila alipopita aliacha uzi wa kufuata. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, viatu vya kufunga kwa kamba, na daftari ambalo hakumpa mtu mwingine kulishika.

"Koplo."

"Naam, afande."

Koplo alikuwa mrefu kiasi kwamba taa ya karakana ilimgonga paji la uso kila alipogeuka. Tangu asubuhi ilikuwa imeshamgonga mara nne, naye hakuwa amejifunza.

"Nieleze tena mpaka hapa tulipo. Taratibu, kama unamweleza mama mkwe."

Koplo akasimama wima. Marehemu, aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Randa, fundi wa kutengeneza samani za zamani, aliuawa juzi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Jirani wa ukuta mmoja ana mashine ya kupasua mbao, na mashine ile ikilia hata mtu akichinjwa husikii; jirani alisema maneno hayo mwenyewe, kisha akaziba mdomo. Mlango haukuvunjwa. Mke wa marehemu ndiye aliyemkuta. Hakuna kilichoibwa. Kitu pekee chenye thamani kilikuwa kile pale, na kilikuwa bado pale.

Wote wawili wakakitazama.

Lilikuwa kabati la droo, la mbao ya mtiki, urefu wake ukimfikia mtu mzima kifuani. Mtu asiyejua angelipita bila kugeuka. Halikuwa na nakshi, halikuwa na shaba, halikuwa na kioo. Mistari yake ilikuwa minyoofu kama hati ya mwalimu, na miguu yake minne ilikuwa myembamba, ikizidi kupungua kuelekea chini, kama miguu ya ndege wa majini. Droo zake sita hazikuwa na vishikio. Kila moja ilichongwa mfuo mwembamba wa kuingiza kidole, na mbao ikaachwa iseme yenyewe. Ndivyo walivyotengeneza miaka ile ya hamsini na sitini, waliochoka na madoido ya babu zao. Fundi aliyelibuni alikufa zamani, na makabati yake yaliyobaki duniani yanahesabika. Watu wa ng'ambo wanayatafuta kama waliopotelewa na mtoto.

Juzi droo zote sita zilikutwa zimetupwa sakafuni. Jana wapiga picha walizirudisha.

"Ni la nani?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"La ndugu wawili, afande. Kaka na dada. Mama yao alifariki mwezi wa pili, akawaachia. Mguu mmoja ulipasuka wakati wa kulihamisha, dada akalileta hapa litengenezwe. Kaka mtu tunaye kituoni tangu jana. Mashahidi watatu walimsikia akimwambia Mzee Randa, 'Nitakuvunja mikono.' Na mkono wake mwenyewe una bandeji."

"Kesi imekwisha, basi."

Koplo alianza kutabasamu, akauona uso wa Inspekta, akaacha.

*

Kaka mtu alikuwa mwuza matairi, mwenye mabega mapana na macho ya mtu ambaye hakulala. Alikaa upande wa pili wa meza na mkono wake wa kulia ameuweka mbele yake kama kitu cha kuazima.

"Ulisema utamvunja mikono," Inspekta alianza.

"Nilisema. Sikatai. Ulimi hauna mfupa."

"Vidole vyake vilikuwa na mifupa. Sasa imevunjika minne."

Kaka mtu alifumba macho. "Mimi nilitaka kabati. Mzee akasema aliyelileta ni dada yangu, na dada yangu ndiye atakayelichukua. Nikapandisha sauti. Hayo tu."

"Funua mkono."

Alisita, kisha akafungua bandeji kwa meno na mkono wa kushoto. Inspekta akainama juu ya jeraha mpaka pua ikakaribia kuligusa. Nyuzi tisa, kuanzia kwenye konzi mpaka karibu na kifundo. Kingo za kidonda zilikuwa nyoofu, zimekatwa, hazikuchanwa.

"Kioo?"

"Kioo cha kabati la vyombo, nyumbani kwangu. Nilikipiga ngumi."

"Kilikukosea nini?"

"Dada yangu alinipigia simu. Akaniambia nilikuwa nasubiri mama afe ili niuze vitu vyake."

"Ilikuwa kweli?"

"Kidogo," kaka mtu akasema.

Koplo alichungulia mlangoni, akainamisha kichwa kukwepa kizingiti. Alikuwa amepiga simu zahanati. Mtu yule alishonwa juzi kuanzia saa kumi kasorobo, na hakutoka mpaka saa kumi na mbili kupita. "Mganga anamkumbuka vizuri, afande. Anasema alizimia sindano ya kwanza, ikabidi watandike vitanda viwili, chake na cha muuguzi aliyemdaka."

Kaka mtu akatazama ukuta.

Inspekta alifunga daftari, kisha akalifungua tena. Hiyo ilikuwa tabia yake, na wengi walikuwa wamefungwa kwa sababu walidhani daftari likifungwa maswali yamekwisha. "Nani mwingine alilitaka kabati hilo?"

"Nani hakulitaka? Yule mwuza samani za kale alikuja nyumbani kwa mama kabla arobaini haijaisha. Bwana Kale. Alizitoa droo zote, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko kama mkunga, akaingiza mkono ndani akipapasa. Nikamuuliza, unatafuta nini humo, mtoto? Akacheka. Akasema kabati hili ni bei ya nyumba, ukipata mnunuzi anayeomba usiku na mchana. Dada yangu akasema haliuzwi."

"Basi akaondoka?"

"Akaondoka. Lakini alitaka kujua fundi gani atatengeneza mguu."

Nje, kwenye benchi la ukumbi, dada mtu alikuwa amekaa na chupa ya chai aliyomletea kaka yake. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, na bado alivaa sare. Hakuuliza kama kaka yake ameua. Aliuliza kama amekula.

"Atatoka leo," Inspekta alimwambia, akakaa pembeni yake. "Nieleze kuhusu kabati. Usinieleze thamani yake. Nieleze jinsi mlivyoishi nalo."

Nesi alishangaa kidogo, kisha uso ukamlegea. "Tuliadhibiwa nalo. Mama alikuwa anazitoa droo zote kila mwisho wa mwezi, anapangusa, halafu anatuita tuzirudishe. Ukikosea, haiingii. Mbao ile ina miaka sitini, Inspekta. Kila droo imevimba kivyake na kusuguka kivyake. Ya pili ukiiweka kwenye nafasi ya tatu inagoma nusu njia. Ya tano ukiikosea hata kuitoa ni kazi. Mama alikuwa anasema, kila droo na mahali pake, kama watu mezani."

Inspekta akasimama, akamshika bega, akaondoka bila kuaga.

*

Karakanani alimwambia Koplo atoe droo zote sita na kuzipanga sakafuni. Akaziandika namba kwa chaki, moja mpaka sita, kufuata nafasi zilipotoka.

"Sasa zirudishe. Ya kwanza iweke nafasi ya sita. Ya sita iweke ya kwanza. Ya pili na ya tano zibadilishane, ya tatu na ya nne hivyo hivyo."

Koplo aliisukuma ya kwanza. Iliteleza mpaka ndani bila kelele, ikakaa. Ya pili vilevile. Zote sita ziliingia kama kisu kwenye siagi. Inspekta akamwagiza abadilishe tena, kwa mpango mwingine, na mwingine. Mara tatu, na mara zote tatu hakuna droo iliyogoma.

"Zimenyooka vizuri," Koplo alisema. "Fundi alijua kazi."

"Alijua mno. Koplo, hili kabati halina miaka sitini. Halina hata miezi miwili. Limechomwa rangi ya uzee, limefutwa kwa nta, kingo zimesuguliwa ili zionekane zimechoka. Lakini matumbo yake ni machanga." Alichukua droo mojawapo, akanusa ndani yake, akampa Koplo naye anuse. Chini ya nta kulikuwa na harufu kali ya mbao iliyopigwa randa juzijuzi. "Mzee Randa alitengeneza pacha."

"La kweli liko wapi?"

"Hilo ndilo swali aliloulizwa mzee, kidole baada ya kidole. Aliyemuua alizitoa droo, akazijaribu, akajua anauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo ni mtu anayejua kuzijaribu." Akavua glavu. "Mpigie Bwana Kale. Mwambie polisi wanahitaji mtaalamu wa kuthibitisha kielelezo. Mwambie kwa heshima, kama unamwomba posa."

Bwana Kale alifika saa saba mchana, jua likiwa limechoma mabati mpaka yakaanza kulia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nadhifu, miwani ya fremu nyembamba, shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye vifundo. Alitoa pole kwa msiba. Alisema mji umempoteza fundi wa mwisho wa kweli. Hakutazama jiliwa hata mara moja, na Inspekta akaandika hilo kwenye daftari.

"Umewahi kufika hapa, Bwana Kale?"

"Sijapata bahati hiyo. Tulijuana kwa sifa tu."

"Basi tusaidie. Hili ni lile kabati ulilolikuta nyumbani kwa marehemu mama yao?"

Alilizunguka mara moja, polepole. Akainama, akapitisha kidole kwenye mfuo wa droo ya juu, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Ndilo. Huwezi kulikosea. Mkono wa yule bwana ni kama sahihi."

"Una uhakika? Nitakuandika kwamba umethibitisha."

"Niandike."

Inspekta aliandika bila haraka. Mtaalamu wa kweli angeligundua kwa kunusa tu, na huyu alikuwa mtaalamu wa kweli. Aliyekuwa akidanganya alikuwa na sababu: likiitwa pacha, mtu atauliza nani aliagiza pacha.

"Nimeambiwa kuna alama ya fundi, imechongwa ndani kabisa, nyuma ya droo ya chini," alisema. "Mimi magoti yananisumbua. Hebu itoe, uipapase."

Bwana Kale alipiga goti. Alitoa droo ya chini, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya kabati. Dakika mbili kabla alikuwa ametia sahihi kitabu cha wanaoingia eneo la tukio kwa mkono wa kulia.

"Mkono wa kulia hautafika vizuri zaidi?"

"Huu unatosha."

"Nyumbani kwa mama yao ulikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko."

"Siku ile kulikuwa na joto."

Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka sikioni mpaka kwenye kola. Mashine ya jirani ilikuwa imenyamaza.

"Kunja mkono wa kulia, Bwana Kale," Inspekta alisema.

Aliinuka taratibu, akaanza kufungua kifungo, akitabasamu kama mtu anayewavumilia watoto. Kisha mkono wa kushoto ukaruka kwenye ubao wa vifaa nyuma yake na kurudi na patasi.

Koplo alikuwa karibu zaidi. Patasi ilimwingia chini ya bega, upana wa vidole viwili, na Bwana Kale akaivuta na kuichoma tena kabla Koplo hajajua ameumizwa. Ya pili ilipita pajani. Koplo akaanguka kama mnazi uliokatwa, akalala juu ya upande wenye bastola, damu ikiruka kwa mapigo juu ya maranda.

Inspekta hakupata nafasi ya kupiga kelele. Mtu yule alimjia na chuma kimeelekea shingoni. Alikinga kwa kiganja cha kushoto na patasi ikakipasua kutoka kidole cha shahada mpaka kifundoni. Aliiona nyama nyeupe kabla damu haijaijaza. Alirudi nyuma, kiuno kikagonga meza. Bwana Kale akambana pale pale, kando ya jiliwa, miwani imemning'inia sikio moja, pumzi yake ikinuka karafuu. Alikuwa anasukuma tu, kwa uzito wake wote, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa.

Mkono wa kulia wa Inspekta ulipapasa mezani nyuma yake, ukakuta randa ya chuma. Aliishika kwa mpini wake wa nyuma, akaishusha kwenye kifundo cha mkono wenye patasi. Mfupa ukalia. Akaishusha tena mahali palepale. Patasi ikadondoka. Mara ya tatu aliishusha usoni, miwani na pua vikaingiana, na mtu yule akaanguka chali juu ya droo ya chini, akaipasua kwa mgongo.

Hata hapo hakutulia. Alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni. Koplo, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, alinyoosha mkono wake mrefu akamshika mguu, na hakuuachia, ingawa Bwana Kale alimpiga teke la kinywa mara mbili na jino likatoka.

Inspekta akapiga goti mgongoni mwa mtu yule, akamfunga pingu. Kisha akashika mkono wa shati wa kulia na kuuchana mpaka begani.

Juu kidogo ya kifundo, upande wa nje wa mkono, palikuwa na plasta pana. Alipoibandua, chini yake palikuwa na shimo jekundu lenye usaha, na kulizunguka, nusu duara mbili za meno.

*

Koplo alishonwa nyuzi thelathini na moja, akaambiwa ataishi, akaomba maji ya baridi na kioo atazame pengo. Inspekta alifungwa kiganja. Alikataa kulala kitandani. Saa kumi na nusu alivuta kiti mpaka kando ya kitanda cha Bwana Kale, ambaye pua yake ilikuwa imefunikwa pamba na mkono wake umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Askari wa zamu alikaa mlangoni na kuandika.

"Nilimwagiza atengeneze mfano," Bwana Kale alisema. Sauti yake ilitoka puani kama ya mtu mwenye mafua. "Nilimwambia ni kwa ajili ya nyumba yangu. Akaifanya kazi kwa mapenzi yote. Ulipokamilika, nikamwambia mpe yule nesi huo mfano, mimi nipe la kweli. Hatajua. Akakataa. Nikampa siku mbili za kufikiri."

"Na juzi ukarudi."

"Nikakuta moja tu. Nikazijaribu droo. Nikamuuliza, la kweli liko wapi. Akasema hajui."

"Ukamshika mkono."

"Alikuwa mzee, hakuwa na nguvu. Kidole cha kwanza, hajui. Cha pili, hajui, akawa anaapa. Cha tatu akaanza kubuni. Mara lipo kwa ndugu zake, mara wamelichukua wenyewe, mara limeibwa. Kila nikimbana anabadilisha. Sijapata kuona mtu mzima asiyejua kudanganya namna ile." Akameza mate. "Cha nne nilipoinama karibu, ndipo aliponiuma. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Hukufikiri kwamba kweli hajui?"

Bwana Kale alimgeuzia jicho moja lililokuwa bado linafunguka. "Limetoka kwenye karakana yake mwenyewe, Inspekta. Mlango mzima, kufuli zima. Kama yeye hajui, nani anajua?"

Inspekta aliinuka. Jana, alipoorodhesha vitu vya marehemu, aliandika funguo za karakana: ya kwanza mfukoni mwa mzee, ya pili kwa mkewe.

*

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kukaa na mfiwa. Mjane alikuwa chumba cha ndani, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Inspekta alivua viatu kwa mkono mmoja, akakaa chini.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Mkono wako umefanyaje?"

"Tumemkamata."

Mjane akaitika kwa kichwa. Hakuuliza ni nani.

"Mama, lile kabati la kweli lilitoka karakanani juzi asubuhi. Kadi iliyokuwa mfukoni mwa mumeo inasema alikuwa hospitali kupimwa macho. Ufunguo mwingine ni wako."

Mama yule alichezea ncha ya khanga yake kwa muda. Alipoanza kusema, alisema kama anayeeleza jinsi ya kufika mahali. Mume wake alimweleza alichotakiwa kufanya, na alitetemeka kwa hasira. Yeye alimtazama akaogopa. Kwa miaka arobaini na minne uso wa mume wake ulikuwa dirisha lisilo na pazia. Ukimuuliza sukari iko wapi anakuonyesha, ukimuuliza siri anafumba macho na bado unaisoma. Angeulizwa na yule mtu mara moja tu, angesema.

"Nikaona heri asijue," mjane alisema. "Mtu asiyejua hana cha kusema. Saa tano na nusu nikaita wabeba mizigo wawili, wakalifunga mablanketi, wakalipeleka kwa mdogo wangu. Lipo stoo kwake. Nilikuwa nimwambie baadaye, mambo yakipoa."

Inspekta alifungua daftari juu ya goti. Aliandika polepole, kwa kuwa kiganja kilichoshika daftari kilimuuma.

"Alimuuliza?" mjane aliuliza.

Inspekta alikuwa amewadanganya watu wengi katika kazi yake, kwa hila na kwa faida, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini maelezo ya Bwana Kale yangesomwa mahakamani kwa sauti, na mama huyu angekaa benchi la mbele.

"Alimuuliza liko wapi."

"Akasema?"

"Akasema hajui."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi, mama."

Sebuleni mtu alikuwa anagawa vikombe. Mjane alisikiliza vikombe vile mpaka vikaisha. Hakulia. Alinyoosha mkono akaomba daftari, na Inspekta, ambaye hakumpa mtu daftari lile tangu aanze kazi, akampa. Mama akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mahali palipoandikwa: kabati lilihamishwa saa tano na nusu asubuhi.

"Hapa," alisema. "Lilihamishwa na nani? Kabati lina miguu lakini halitembei."

"Ni namna tu ya kuandika, mama."

"Iandike namna nyingine." Akamrudishia. "Andika mimi. Andika nililihamisha mimi, na mume wangu sikumwambia. Halafu nipe kalamu nitie sahihi."

Inspekta akakata mstari, akaandika upya.